Kimya cha Kiungani



Wasomaji wetu wapenzi, akina mama na akina dada mnaotuandalia nafasi kila Ijumaa katika nyumba zenu, leo tumekusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo jamaa nyingi za mwambao wetu zinalifikiria, na nyingine zimekwisha kulitenda: kuuhama mji na kwenda kukaa kiungani, mahali palipo na nafasi, na miti, na kimya. Tumeulizwa mara kadhaa, harusini na matangani, kama sisi tuliohama tumepata tulilolitafuta. Jibu letu tumekuwa tukilifupisha, kwa kuwa jibu kamili lina aibu yetu ndani yake. Tumeona ni bora tuliseme lote, huenda likamfaa mwenye nia.

Neno kiunga wazee wetu walilitumia kwa shamba la miti ya matunda lililo kando ya mji. Halafu likawa jina la makazi ya pembezoni. Viunga vya Mombasa vya zamani leo vimekuwa mji. Tangu daraja la sasa la Nyali lilipofunguliwa mwaka 1980 na kuchukua nafasi ya lile la kuelea la mwaka 1931, watu wamekuwa wakimiminika upande wa kaskazini. Kisauni ikajaa, Bamburi ikajaa, na Mtwapa nayo sasa haina usiku wala mchana. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, kaunti ya Mombasa ilikuwa na watu 1,208,333, na jirani yake Kilifi ikawa na 1,453,787. Basi mwenye kutaka kimya hana budi kuvuka daraja la Mtwapa na kuendelea mbele, mpaka Kikambala na vitongoji vyake, ambako barabara kuu ya Malindi inaachwa na njia ya mchanga ikaingia baina ya minazi na mikorosho kuelekea baharini.

Huko ndiko tulikohamia, huu ukiwa mwaka wa tatu.

Tulitoka katika nyumba ya Mji wa Kale, orofa ya pili, vyumba viwili na nusu, watu wanane. Joto la kaskazi lilipotushukia, watoto walilala darini. Mama yetu mzazi alikuwa akishuka ngazi kila alasiri na kuketi na wenzake barazani, na kabla ya magharibi amekwisha kujua nani kazaa, nani kasafiri, nani ana mgonjwa na nani hajawasha jiko. Sisi tuliiona hali ile kuwa ni msongamano. Tulitamani ua. Tulitamani watoto wakimbie bila kugongwa na tuktuk. Tulitamani kusikia ndege badala ya redio ya jirani.

Tulipopata kiwanja cha nusu eka chenye minazi kumi na mmoja, mwembe mkubwa na kisima cha zamani, tulimshukuru Mwenyezi Mungu na tukaona dua imejibiwa. Kabla hata ya kuweka msingi wa nyumba, tulijenga ukuta. Tulijenga kwa mawe ya kuchonga, juu kuliko kimo cha mtu, pande zote nne, na lango moja la chuma linaloelekea njiani. Fundi alitushauri hivyo, aliyetuuzia alitushauri hivyo, na sisi wenyewe tuliona kwamba nyumba yenye wanawake na watoto yataka sitara. Hakuna aliyekosea katika neno sitara. Kosa lilikuwa katika lile tusilouliza.

Miezi ya mwanzo ilikuwa kama likizo. Alfajiri tuliamka kwa adhana moja tu, ya mbali, ikija na upepo. Mchana kulikuwa na kivuli cha kutosha kufua na kuanika bila kuonekana na mtu. Usiku komba walilia mitini na watoto wakaogopa, kisha wakazoea, kisha wakaanza kuwaiga. Baba yao akirudi kutoka kazini bandarini aliketi chini ya mwembe akasema kwamba hapa ndipo mtu anapoweza kuisikia pumzi yake.

Lakini mama yetu hakuwa akisema kitu. Aliketi ndani ya ua ule mpana akiutazama ukuta. Mahamri aliyozoea kuyala mawili asubuhi akawa analiacha moja, kisha akawa analiacha yote. Tulimpeleka kwa daktari, akapimwa sukari na presha, pasionekane jipya. Siku moja tulimwuliza kinachomsumbua, akatujibu kwa upole: "Wanangu, mumenileta mahali pazuri. Lakini tangu nije hapa hakuna aliyenipigia hodi."

Tulicheka, kisha tukanyamaza. Ilikuwa kweli. Miezi minane tulikuwa hatujamjua jirani hata mmoja kwa jina. Nyuma ya ukuta wetu upande wa mashariki palikuwa na nyumba ya udongo na makuti, na ndani yake mlikaa mama mmoja wa Kigiriama, mjane, na wanawe. Tulimwona mara chache akipita njiani na mtungi wa maji kichwani, akatusalimu, tukamjibu, tukafunga lango. Hatukujiuliza kwa nini anakwenda mbali vile kutafuta maji.

Wazee walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo wetu ulitujia usiku mmoja wa masika.

Mvua ilikuwa imenyesha tangu laasiri na umeme ulikuwa umekatika. Baba wa nyumba alikuwa kazini zamu ya usiku. Mama yetu aliamka kujitayarisha kwa sala yake ya usiku, akateleza kwenye sakafu ya chooni, na akaanguka kwa ubavu. Tulimkuta hawezi kuinuka, mguu mmoja umegeuka nje, na uso umekuwa kama majivu. Simu moja ilikuwa imezima, na nyingine tulipompigia dereva tuliyemjua alituambia kwamba gari haliwezi kuingia njia yetu kwa matope. Tulitoka uani tukapiga kelele. Tulipiga kelele mpaka sauti ikakauka, na mvua ikaimeza. Mjini, kikombe kikianguka jirani huuliza kulikoni. Hapa tulikuwa tumejenga ukuta mzuri kiasi kwamba hata msiba wetu haukuweza kutoka nje.

Aliyesikia alikuwa yule mjane. Alisikia si kwa urahisi, bali kwa kuwa paa la makuti lilikuwa likimvujia na alikuwa macho. Alitoka na mwanawe mkubwa, wakauzunguka ukuta wetu wote katika giza, wakivuka dimbwi baada ya dimbwi, hadi kulifikia lango. Alipoingia hakuuliza mengi. Alituzuia tusimvute mama kwa mikono, akamtuma kijana wake arudi nyumbani kuleta kitanda cha kamba na kuwaamsha vijana wengine watatu. Wakamlaza mama juu ya kitanda kile bila kuugeuza mguu, wakamfunika nailoni, wakambeba mabegani mpaka barabara kuu, ambako mmoja wao alikuwa ametangulia kwa bodaboda kutafuta gari. Yeye mwenyewe alitembea kando ya kitanda njia nzima, akiwa ameushika mkono wa mama yetu.

Hospitalini tuliambiwa kwamba nyonga imevunjika. Mama alifanyiwa upasuaji, akakaa wodini majuma matatu, na kwa rehema za Mola akarudi nyumbani.

Tulipokwenda kumshukuru mjane yule, tulichukua mchele, sukari na kanga doti mbili. Alitukaribisha, akapokea kwa adabu, akamwulizia hali mgonjwa. Kisha, bila hasira yoyote, akasema neno ambalo hatutalisahau: "Ile njia ya kisimani ingalikuwa wazi, ningalifika mapema."

Tuliuliza, njia ipi? Ndipo akatueleza. Kisima kile tulichokikuta kiwanjani kilichimbwa na baba mkwe wake pamoja na wenziwe, kabla yeye hajaolewa pale. Tangu aletwe kuwa bibi arusi, alikuwa akipita kijia kilichotoka mlangoni pake hadi kisimani, hatua zisizofika mia. Minazi minne katika ile kumi na mmoja ilipandwa na mumewe. Aliyetuuzia alimwambia kwamba wenye kununua watazungumza naye. Sisi hatukuambiwa neno, na wala hatukuuliza. Ukuta ulipopanda, kijia kikakatika, naye akaanza kununua maji kwenye kioski karibu na barabara kuu, mtungi kwa mtungi, akibeba kichwani. Yule tuliyemwona akipita na maji, sisi ndio tuliokuwa tumemtuma huko.

Hapa inatupasa tusimame kidogo, kwa kuwa jambo hili si letu peke yetu. Anayenunua ardhi pwani hununua pamoja nayo historia yake. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi katika mwambao, iliyowataka wenye kudai ardhi wajitokeze na kuandikisha. Waliojua karatasi waliandikisha. Wengi wasiojua, hasa Wamijikenda waliokuwa wakilima na kuzika wazee wao palepale, hawakuandikisha, na ardhi yao ikaja kuitwa ya serikali au ya mtu mwingine. Wajukuu wao leo wanaitwa maskwota katika mahali walipozaliwa. Tena ada ya pwani imekuwa ikitambua kwamba mnazi unaweza kuwa wa huyu na ardhi ikawa ya yule. Hati miliki haisemi hayo. Hati yetu ni safi: tulifanya upekuzi katika ofisi ya ardhi, tukapata idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, tukalipa kila kilichotakiwa. Kwa sheria hatuna doa. Lakini mtu anaweza kuwa hana doa kwa sheria, na bado akawa amemfungia mjane maji.

Dini yetu haikutuacha gizani katika hili. Sote tumesomeshwa tangu chuoni kwamba jirani ana haki, na kwamba Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, aliisisitiza mno haki hiyo. Wanazuoni wetu wakawapanga majirani kwa daraja: yuko mwenye haki tatu, naye ni jirani Muislamu aliye pia jamaa, yuko mwenye haki mbili, naye ni Muislamu asiye jamaa, na yuko mwenye haki moja, naye ni asiyekuwa wa dini yetu. Huyo wa mwisho hakuambiwa hana haki. Na maji ni katika vitu ambavyo watu wamefundishwa kushirikiana. Tulikuwa tunayajua haya kwa ulimi. Watoto wetu walikuwa wakiyakariri mezani huku ukuta umesimama nyuma yao.

Tukarudi nyumbani tukafanya shauri. Ndugu yetu mmoja alipinga, na hoja yake haikuwa ya kupuuzwa. Alisema kwamba wezi wapo, kwamba nyumba ina wasichana, kwamba ukimfungulia mmoja watapita kumi. Baba wa nyumba alisita. Aliyekata shauri ni mgonjwa mwenyewe, akiwa amelala juu ya kitanda chake sebuleni. Alisema: "Lamu wanawake walikuwa na wikio."

Kwa wasiolijua, wikio ni kile kivuko cha juu kinachounganisha nyumba mbili kupita juu ya kichochoro, ambacho mtu huweza kukiona mpaka leo katika mitaa ya mawe ya Lamu. Jamaa waliokaa pande mbili za njia walikijenga ili wanawake wapite kutoka nyumba hii kwenda ile bila ya kushuka njiani. Wazee wale walipenda sitara pengine kuliko sisi. Kuta zao zilikuwa nene, na dirisha la chini kuelekea njiani lilikuwa nadra. Lakini ndani ya kuta hizo walitia milango ya kwenda kwa wenzao. Sisi tulichukua ukuta, tukauacha mlango.

Basi tulimwita fundi yuleyule, akabomoa sehemu ya ukuta wa mashariki na kutia kilango cha mbao, upana wa mtu mmoja na ndoo yake. Tukaafikiana na jirani: kinafunguliwa baada ya sala ya alfajiri na kufungwa magharibi, akina mama na watoto ndio wanaopita, ufunguo una nakala mbili, mmoja kwake na mmoja kwa mama yetu. Nazi za minazi minne ni zake, na mkwezi akija huangua zote siku moja, kila mtu akachukua fungu lake. Ndugu yetu aliyepinga ndiye aliyepaka kilango rangi.

Tangu hapo tumejifunza kwa jirani huyo mambo ambayo hakuna karatasi ingetufundisha, nasi tunayaweka hapa kwa faida ya wenye nia ya kuhama.

La kwanza ni maji. Maji ya bomba katika upande wetu hutoka Baricho, kwenye visima vilivyo kando ya mto Sabaki, nayo hayaji kila siku. Mwenye nyumba lazima awe na tangi. Kisima kinasaidia, lakini ardhi yetu ni ya mawe ya matumbawe, yenye nyufa na matundu, na kinachomwagwa huku huibuka kule. Jirani yetu alipoona mahali tulipochimba shimo la choo aliguna. Lilikuwa karibu na kisima, tena upande ambao maji hupitia wakati wa masika. Alikuwa amemwambia fundi siku ile ya kuchimba, fundi akamjibu kwamba ramani imekwisha kuchorwa. Tulilazimika kulifukia na kuchimba jingine mbali. Kanuni inayotajwa na watu wa afya ni kuweka walau mita 30 baina ya kisima na shimo la choo, na katika ardhi yenye nyufa kama yetu umbali zaidi ni salama zaidi. Maji ya kunywa tunayachemsha. Na unapokaribia bahari, usivute maji ya kisima kwa pampu kubwa bila kipimo, kwani maji matamu yakipungua maji ya chumvi huyafuata.

La pili ni usiku. Mwenye kununua kiwanja huenda kukitazama mchana, jua likiwaka na njia ikiwa kavu. Nendeni tena wakati wa masika, na nendeni baada ya isha. Tazameni kama gari litafika mlangoni, kama kuna bodaboda wa kuaminika, kama mtoto anayetoka chuoni magharibi ana wa kufuatana naye. Andikeni nambari za simu za majirani ukutani kwa herufi kubwa, ambapo hata mtoto atazisoma. Fimbo ya mbali haiui nyoka: ndugu zetu wa Mji wa Kale wanatupenda sana, lakini usiku ule walifika asubuhi.

La tatu ni wazee. Kijana akihama huchukua ulimwengu wake katika simu. Mzee ulimwengu wake huachwa barazani. Kabla ya kumhamisha mzazi, na aulizwe. Na akishahama, na awe na siku yake ya kurudi mjini kuwaona wenzake, iwe katika hesabu ya nyumba kama ilivyo karo ya watoto. Na chooni tieni kishikio cha mkono ukutani na mkeka usioteleza. Kishikio kile hakifiki hata sehemu ndogo ya gharama ya nyonga.

La nne ni karatasi pamoja na watu. Fanyeni upekuzi wa hati, kisha fanyeni upekuzi wa pili kwa miguu. Waulizeni wanaokaa jirani nani alilima hapa, nani amezikwa hapa, njia ilipita wapi, mti huu ni wa nani. Ulizeni mbele ya muuzaji, kabla ya kutoa pesa. Haki ya mtu ikiwa wazi kabla ya mkataba, hulipwa kwa mapatano. Ikifichuka baadaye, hulipwa kwa ugomvi, au hubaki shingoni mpaka Siku ya Kiyama. Nao akina dada wanaochangia pesa zao katika ununuzi, waandike jina lao ama hisa yao mapema. Mapenzi hayavunjwi na maandishi. Mara nyingi huhifadhiwa nayo.

La tano ni msikiti, na hili tutalieleza kwa kisa.

Mama yetu alipoanza kutembea kwa mkongojo, aliomba apelekwe Jumba la Mtwana. Magofu hayo yako ng'ambo ya kaskazini ya mkono wa bahari wa Mtwapa, kiasi cha kilomita 15 kutoka Mombasa, na kutoka kwetu si mbali. Ni mji wa Waislamu wa mwambao uliojengwa katika karne ya 14 na kuachwa katika karne iliyofuata. Ulichimbuliwa miaka ya 1970, na sasa uko chini ya Makumbusho ya Taifa. Tulikwenda sote, na jirani yetu na wajukuu zake pia. Tuliona nyumba za mawe ya matumbawe, kaburi lenye aya iliyochongwa, na misikiti. Na mmoja katika misikiti hiyo uko karibu kabisa na bahari. Hapo pana birika la udhu na mawe ya kusugulia miguu. Na wataalamu wameona dalili kwamba msikiti huo ulikuwa na chumba cha pembeni kwa ajili ya wanawake.

Mama yetu aliketi juu ya jiwe akakitazama chumba kile kwa muda mrefu. Sisi tulikuwa tukiwaza jambo jingine. Katika sababu ambazo wanahistoria wamezitaja kwa kuachwa kwa mji ule, ziko kubadilika kwa biashara, uvamizi, na kupungua kwa maji. Tulimtazama jirani yetu akiwaonyesha watoto kisima cha kale, tukaona haya.

Siku chache baadaye mama aliwatumia ujumbe wazee wa kamati ya msikiti wetu wa kiungani, ambao haukuwa na pahala pa wanawake. Hakulalamika. Aliwauliza tu kama waliokaa hapa karne sita zilizopita walikuwa na nafasi kubwa kuliko wao. Kamati ilikutana, ikatoa ukumbi wa nyuma, wakatia pazia na mlango wa pembeni. Ramadhani iliyofuata wanawake walisali tarawehe pale, na sasa kila Alhamisi alasiri pana darsa. Ndipo tulipogundua kwamba nyuma ya kuta nyingi ndefu za kitongoji chetu mlikuwa na mama zetu wengine, wametolewa Majengo, Kuze na Kibokoni, nao wameketi wakiutazama ukuta na kungojea hodi. Sasa wamefanya chama kidogo cha kuwekeana akiba. Mgonjwa hutembelewa kwa zamu, na futari huvuka ua hadi ua.

Je, tumepata tulilolitafuta? Ndiyo, tumepata kimya. Hatutaki kukidharau, maana ni neema. Watoto wetu wanajua jina la kila mti, na usingizi wetu ni mzito. Lakini tumetambua kwamba kimya ni kitu kimoja na utulivu ni kingine. Kimya hununuliwa pamoja na kiwanja. Utulivu hujengwa na watu, na hauwezi kujengwa upande mmoja wa ukuta.

Mama yetu hatatembea tena bila mkongojo. Hilo ni kadari ya Mola, nasi tumeliridhia. Ingawa ziko nyakati za usiku wa mvua tunapozihesabu hatua zile zisizofika mia, na kuhesabu muda ambao mjane yule aliupoteza akiuzunguka ukuta wetu. Kila alfajiri, baada ya sala na nyiradi zake, mama huchukua ufunguo uliotungikwa msumarini, akaenda polepole mpaka kilangoni na kukifungua mwenyewe. Hatumruhusu mtu kumfanyia. Muda si muda hodi husikika, na ndoo ikagonga mdomo wa kisima.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wanaosikia hodi na wanaoipiga, azibariki nyumba zenu mlizomo na mtakazohamia, na atusamehe yale tuliyoyafungia watu kwa kujua na kwa kutojua. Amin.

Wabillahi tawfiq.